Unakaa Chini Siku Nzima? Vile Utaanza Tizi Lindi ama Kawangware Bila Doo ya Jimu

Wacha tuanze na dere na konda.

Kama umewahi panda mathree ya 46 kutoka tao hadi Kawangware, unajua vile mambo huwa. Dere ameketi. Kutoka asubuhi giza hadi usiku, ni yeye na kiti, mguu kwa klachi. Konda naye hana kiti. Ananing'inia mlangoni, anashuka kila steji, anaita watu, anagonga bodi, anarukia gari ikiwa ishaanza kuondoka, alafu anafinyana katikati ya viti akikusanya doo. Jioni wote wako hoi, lakini miili yao haijafanya kazi sawa hata kidogo.

Sasa kuna daktari wa Uingereza aliitwa Jeremy Morris, na hii kitu aliichunguza kitambo sana, hata kabla mzae wako azaliwe. Mwisho wa miaka ya 1940 watu huko kwao walikuwa wanaanguka na mshtuko wa moyo na hakuna mtu alikuwa na jibu la maana. Morris akaenda kwa basi za London, zile za ghorofa. Dere anakaa, konda anapanda na kushuka ngazi siku nzima, karibu ngazi 500 hadi 750 kwa shifti moja. Hawa ni watu wa kampuni moja na maisha yanayokaribiana. Mwaka wa 1953 akatoa matokeo kwa jarida la The Lancet: makonda walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madere, na hata wakiupata, haukuwa unawaua haraka hivo. Akaangalia pia watu wa posta. Wale wa kupeleka barua kwa miguu na baiskeli walikuwa fiti kuliko wale wa kukaa ofisini. Kuna mahali hata alipekua saizi za yunifomu, akapata longi za madere ni pana kiunoni. Morris aliaga 2009 akiwa na miaka 99, na hadi uzeeni alikuwa msee wa tizi.

Kwa hivo swali la leo si kama wewe ni mwanariadha. Ni kama wewe ni dere ama konda.

Kwanza jua wewe ni nani

Hii story si ya kila mtu, na wacha niseme ukweli. Kama wewe unaishi Lindi, na namaanisha Lindi yetu ya Kibera, si ule mji wa Tanzania, na kila asubuhi unafuata reli kwa mguu hadi Industrial Area kutafuta kibarua, ubebe simiti mchana, urudi na mguu tena, hauhitaji mtu wa mtandaoni akwambie upige pushapu. Wewe unahitaji usingizi na dishi ya maana. Mathe anayebeba mitungi ya maji kutoka kwa bomba hadi kejani mara nne kwa siku, huyo pia ashamaliza. Hata utafiti wa kitaifa wa Wizara ya Afya wa 2015 ulionyesha hivo: Wakenya ambao hawafiki kiwango cha mazoezi ni chini ya 1 kwa kila 10. Wengi wetu bado tunatembea.

Lakini sasa jiangalie. Wewe ni wa M-Pesa, unakaa nyuma ya hiyo dirisha ya waya kutoka saa moja hadi saa tatu usiku? Ni wa nduthi, ambaye hata kuenda kununua maziwa hapo kona anawasha pikipiki? Ni fundi wa nguo? Dem wa sayba? Uko na laptopu kwa keja, unaandikia watu wa majuu kazi zao usiku na mchana unalala? Ama hauna wera kabisa, na siku yako ni base, simu, bando na mkeka? Huyo wa mwisho hupenda kusema "mimi ni hasla, siwezi nona." Buda, kukaa kwa jiwe masaa sita ni kukaa tu, hata kama jiwe liko Kibera.

Na kukonda si cheti. Hii ndio kitu huwadanganya vijana wengi. Presha haina haja na saizi ya longi yako. Huo utafiti wa 2015 ulipata karibu mtu mzima 1 kwa kila 4 hapa Kenya presha yake iko juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi pimwa hata mara moja maishani. Hapa Kibera kwenyewe, utafiti mwingine uliotoka 2013 ulipata kama watu wazima 5 kwa kila 100 wako na sukari. Zamani tulikuwa tunaita hizi magonjwa za matajiri wa Lavington. Si hivo tena. Madaktari Wasio na Mipaka, wale MSF, walipokuwa na kliniki ya Kibera South kabla kaunti ichukue 2017, walikuwa wanatibu presha na sukari hapo hapo pamoja na HIV na TB.

Mimi mwenyewe nilikuwa dere bila gari. Miaka mitatu bedsita Kawangware, kitanda hapa, meza pale, choo hatua nne. Siku moja kulikuwa na watu wanapima presha bure karibu na soko, nikasimama kwa laini ju nilikuwa nangojea beshte yangu. Sista akanifunga mkono, akaangalia, akanifunga tena. 148 juu ya 96. Akaniuliza niko na miaka ngapi. Nikamwambia 27. Hakusema kitu, akaniandikia tu kwa karatasi "rudi wiki ijayo." Hiyo kimya yake ndio ilinishtua kuliko namba.

Ni kiasi gani, sasa?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya 2020. Kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za tizi ya wastani kwa wiki, ama 75 hadi 150 kama ni ile ya kutoa jasho kabisa. Juu yake uongeze siku mbili za kukaza misuli. Ukigawa, hiyo 150 ni dakika 30 kwa siku tano. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanafaa kupata kama saa moja kila siku, na kwa hao hatuna shida, mpira wa makaratasi unacheza hadi giza.

"Ya wastani" ni nini? Hauhitaji saa ya bei. Ukitembea na unaweza ongea na mtu lakini hauwezi imba, uko hapo. Ukishindwa hata kuongea sentensi, umeingia ile ya nguvu. Ukiweza imba wimbo mzima, unazurura tu.

Na kuna kitu moja ya huo mwongozo wa 2020 watu wengi hawajaskia. Zamani walisema lazima tizi ifike dakika 10 mfululizo ndio ihesabiwe. Waliondoa hiyo sheria. Sai kila dakika inahesabiwa. Kupanda ngazi dakika mbili, inahesabiwa. Kukimbilia mathree, inahesabiwa. Kwa mtu wa mtaa hii ni habari njema kuliko ofa yoyote ya jimu.

Ukifanya hivi, mwili unabadilika vipi? Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwa damu bila kungojea insulini nyingi, ndio maana hata matembezi mafupi baada ya kudishi yanasaidia. Mishipa ya damu inalegea, moyo hausukumi kwa nguvu sana. Kwa mtu mwenye presha ya juu, tizi ya kila wiki inaweza shusha ile namba ya juu kwa pointi kama 5 hadi 8. Inaonekana kidogo, lakini ni karibu kama kidonge kimoja. Usingizi unakuja, akili inatulia. Kitambi ndio huchelewa, na hapo ndio watu hukata tamaa. Wanapima kiuno baada ya wiki mbili, hakuna kitu, wanarudi base. Usipime kiuno. Pima presha.

Keja ya kumi kwa kumi

Najua unachofikiria. Jimu ya Ngong Road ni maelfu kwa mwezi. Sahau. Kuna jimu za mtaa, zile za mabati, vyuma vimetengenezwa na simiti ndani ya mikebe ya rangi, unalipa kidogo kila ukiingia. Ziko poa, na wasee wa huko watakufundisha bila kiburi. Lakini usingoje hiyo doo ndio uanze.

Maji ni kilo. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Nusu ni kilo 10. Ule wa lita 5 wa mafuta ya kupika, ukiosha na kujaza maji, ni kilo 5 za kila mkono. Unao tayari hapo chini ya meza. Inua kutoka chini hadi kiunoni ukikunja magoti, si mgongo, mara 10. Pumzika. Rudia mara tatu. Hiyo ni siku yako ya misuli.

Skwati zinahitaji nafasi ya miguu yako pekee. Kama haujawahi, weka kiti ama kitanda nyuma, kaa, simama, kaa, simama, bila kushika kitu. Pushapu usianzie sakafuni ukijiaibisha. Anzia kwa ukuta, kama ni wa mawe. Ukuta wa mabati jirani atafikiria unavunja. Ukiweza 15 kwa ukuta, shuka kwa ukingo wa kitanda, alafu sakafu. Mimi nilichukua miezi miwili kufika sakafuni na ya kwanza nilifanya moja na nusu.

Kamba ya kuruka ni tizi kali sana, lakini kama uko ghorofa ya tatu, ya chini yako kuna mtoto amelala. Ruka nje.

Na hizo ghorofa za Kawangware, tano sita bila lifti, watu wamekuwa wakizilalamikia miaka yote. Hiyo ni basi ya London yako. Panda hadi kwa kamba za nguo juu, shuka, mara tano. Dakika 10 zimeisha na haujalipa mtu.

Kama kazi ni ya kukaa, shida si tizi ya jioni pekee. Ni yale masaa nane katikati. Weka simu ilie kila dakika 40, simama, toka hadi mlangoni, rudi. Wa M-Pesa, hudumia watu ukiwa umesimama asubuhi yote, keti mchana. Wa nduthi, mkiwa kwa steji mnangojea kastama, si lazima ukae juu ya pikipiki kama ni kochi. Shuka. Tembea hadi mwisho wa laini na urudi. Watakucheka siku mbili.

Barabara gani?

Lindi iko na zawadi moja ambayo hakuna mtu huipigia makofi: mlima. Ukitoka huko chini upande wa mto ukipanda hadi reli, moyo utakuwa umeamka. Endelea hadi Kibera Drive, pita kwa Toi, toka Ngong Road, alafu rudi. Usiende mbio. Tembea kama mtu amechelewa kazi. Wiki ya kwanza fanya dakika 10 siku tatu. Ya pili, 15. Ukifika wiki ya sita uko kwa 30 na haujaumia. Watu wengi huanza na kilomita tano Jumatatu, Jumanne hawezi shuka kitanda, Jumatano amestaafu.

Kwa reli kuwa mwangalifu. Treni ya asubuhi haina breki ya kukusubiri, na earphone kwa masikio mawili hapo ni upuzi. Acha sikio moja wazi.

Kawangware, Naivasha Road saa moja asubuhi ni moshi mtupu, na kuvuta pumzi ya nguvu hapo ni kama kuvuta sigara kwa ada. Enda mapema kabla magari yajae, ama ingia upande wa Gitanga Road na mitaa ya Lavington, kuna miti na njia za kutembea. Hao askari wa mageti watakuangalia. Wasalimie kila siku kwa jina la kazi yao, "habari ya asubuhi afande," wiki ya pili watakuwa wanakuuliza jana ulikuwa wapi. Kuna pia Riruta Stadium kwa wale wanataka kuzunguka uwanja.

Kwa madem, hii sehemu ni tofauti na siwezi jifanya haiko. Msichana akikimbia peke yake saa kumi na moja na nusu asubuhi mtaani, kero ni za aina mbili: wa kumnyang'anya simu na wa kumpigia miluzi. Dawa nimeona ikifanya kazi ni kuwa wengi. Wanne wanatosha. Ndio maana madarasa ya densi yamekubalika sana huku. Kibera kuna hadi baleti, na mwalimu wake Mike Wamaya aliingia fainali za tuzo ya mwalimu bora duniani 2017. Densi ya saa moja kwa ukumbi ama kwa chumba ni tizi kamili. Spika, mabeshte, mlango ufungwe. Hiyo 150 inaisha bila kuhisi, na utafiti uo huo wa 2015 unasema ni akina dada ndio wanahitaji zaidi: karibu 4 kwa kila 10 walikuwa na uzito kupita kiasi, wanaume hata 2 hawakufika. Si ju ni wavivu. Ni ju mwanaume anapewa uwanja wa mpira tangu utotoni, msichana anapewa sufuria.

Wenzetu wamefanya nini? Kigali tangu 2016 wako na Car Free Day, barabara kubwa zinafungwa Jumapili mbili kwa mwezi, watu wanakimbia katikati ya lami, na wanapimwa presha na sukari hapo hapo. Tanzania, Desemba 2016, Samia Suluhu akiwa bado Makamu wa Rais alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, na huko Dar klabu za jogging za mtaa zilikuwa zishazoeleka. Sisi tuko na Kipchoge na Kipyegon. Tunawapigia makelele kwa TV ya kibanda tukiwa tumekalia kreti. Medali ya Kipchoge haishushi presha yako, bana.

Mahali usicheze

Kama haujala tangu jana, usikimbie. Naandika hii ju najua mahali tunaishi. Tizi kwa tumbo tupu na kiu ni kuzimia, na hiyo si nidhamu. Siku ya njaa tembea pole pole ama lala tu.

Ukipata uchungu ama uzito kifuani, kizunguzungu, ama pumzi ikakata bila sababu, simama hapo hapo na uende kliniki siku hiyo hiyo. Usingojee kesho. Na kama uko na dawa za presha ama sukari, tizi haifuti dawa. Nimeona msee akitupa vidonge ju amekimbia wiki tatu. Daktari ndiye hupunguza, si wewe.

Wa sukari mwenye insulini abebe kitu tamu mfukoni, hata peremende. Wajawazito wanaweza tembea na inawasaidia, waulize tu nesi wa kliniki yao.

Na pimwa. Namba mbili, moja juu ya nyingine. Ikifika 140 juu ama 90 chini, na irudi hivo siku nyingine, hiyo ni presha, iwe uko na miaka 60 ama 22. Kupima kunachukua dakika tano ukiwa umekaa na umetulia, si ukitoka kupanda mlima wa Lindi.

Sista alinipima tena baada ya wiki moja: 146 juu ya 94. Nikaanza na dakika 10. Kuna wiki ya mvua sikutoka kabisa, matope yalikuwa hadi kwa vifundo, nikafanya ngazi. Kuna wiki nyingine nilipata kazi ya haraka nikarudi kukaa kama zamani. Baada ya miezi minne nilienda nikakuta sista mwingine, hanijui. 132 juu ya 84. Akaandika, akaniambia "poa, next," na nikatoka nje nikasimama kando ya barabara kama mtu ameshinda mkeka.

Bado naenda, Jumanne, Alhamisi na wikendi. Ukipita Gitanga Road saa kumi na mbili asubuhi uone msee wa kofia nyekundu anapumua kama treni ya Kisumu, ndio mimi. Pungia tu mkono, sitaweza kuongea.